Orodha ya Wanawake Kumi na Mmoja

Kipkemoi tulimzika Ijumaa, mvua ikitunyeshea tangu wimbo wa kwanza hadi koleo la mwisho, na katika wasifu uliosomwa na binamu yake haikutajwa hata mara moja kwamba marehemu aliwahi kujua kompyuta. Ilisemwa alikuwa mkulima wa chai, mzee wa kanisa, mfugaji wa ng'ombe watatu wa maziwa, mtu wa maneno machache. Yote ni kweli. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya hema, viatu vyangu vya Nairobi vimezama katika matope ya Merigi, na nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na haki nayo. Kazi yangu leo ni kufundisha maofisi makubwa namna ya kuzuia wezi wa mtandaoni. Watu hunipa kipaza sauti na chupa ya maji, nami huzungumza kama mtu aliyezaliwa akijua. Ukweli ni kwamba kila ninachokijua cha maana nilifundishwa na huyo mkulima wa chai, ndani ya jiko la mama yake, kwa mwaka mmoja tu. Na kutoka mwaka ule kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Miaka kumi na mitano nilikuwa najiahidi kila Krismasi kwamba nitampigia simu nimweleze, na kila Krismasi nilipata sababu. Sasa hakuna wa kupigiwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikisimamia saiba ya mtu pale sokoni: kompyuta nne, mashine ya kutoa kopi iliyokula karatasi, na benchi la wateja lililokuwa pia la watu wa kujikinga mvua. Kipkemoi alikuwa amepita thelathini. Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya shamba kubwa la chai ng'ambo ya mto, hadi walipomwachisha kazi wakaweka mtu mwenye cheti. Aliingia kuchapisha barua ya kuomba kazi, akanikuta nikibishana na mama mmoja ambaye barua pepe yake ilikuwa imeingiliwa. Alingoja mama atoke, kisha akasema kwa upole, "Dada, hiyo pasiwadi yake uliandika kwa karatasi ukabandika hapo kwa skrini. Kila mtu kwa hii benchi ameisoma. Hata mimi nimeisoma." Niliona aibu, halafu nikaudhika, halafu usiku mzima nikawaza ni mambo mangapi mengine sikuyajua. Jumamosi iliyofuata nilienda kwao kufundishwa. Sokoni niliaga kwamba naenda kununua maziwa, kwa sababu msichana wa kutoka upande wa ziwa akionekana akipanda kilima kwenda kwa kijana wa Kikipsigis ambaye hajaoa, midomo haikosi kazi.

Jiko lile lilikuwa la zamani, la udongo, limetengana na nyumba. Mama yake alikuwa ameshajengewa jingine la mabati, lakini hili la udongo hakuliacha, kwa kuwa ndimo alimokaushia vibuyu vyake vya mursik, maziwa ya kugandishwa, na moshi wa humo aliuamini kuliko mwingine wowote. Upande wa kushoto basi kulikuwa na mafiga na vibuyu, na upande wa kulia, juu ya rafu ya mbao iliyofunikwa kwa leso, kulikuwa na kompyuta mbili kuukuu alizonunua kwenye mnada, ruta, na betri ya trekta ya kushikilia mambo stima ikipotea. Waya ulipita dirishani hadi kwenye sahani ndogo juu ya paa, iliyotazama mnara wa kampuni moja ndogo ya intaneti. Ile mashine ya chini ndiyo aliyoiita seva. "Virusi ya kwanza hapa ni moshi," aliniambia. Kila juma aliifungua na kuipangusa masizi kwa brashi ya kupaka rangi viatu. Mama yake alikuwa akiingia na kutoka, anageuza kibuyu, anatuangalia, anasema jambo kwa Kikipsigis lililomfanya mwanawe acheke, kisha saa saba anatuletea kimyet, ugali wa kwao, na mboga za isakek na bakuli la maziwa. Sijala chakula kitamu kama kile tena, na nimekula katika hoteli nyingi tangu wakati huo.

Alinifundisha kwa mkono. Hakunipa vitabu, alinipa waya, koleo ndogo na vichwa vya plastiki, akaniambia nisirudi kwenye kiti hadi mashine mbili ziongee. Alinieleza kwamba kila mashine mtandaoni ina anwani, na kila anwani ina milango, maelfu ya milango, na kazi ya mtu mwenye seva nyumbani ni kujua ni ipi iko wazi na kwa nini. Nilipouliza kwa nini tusiweke mambo yetu bure kwenye zile tovuti kubwa za ng'ambo kama watu wengine, alisema, "Kitu yako ikikaa kwa mashine ya mtu, ni kitu ya huyo mtu. Amekuazima tu." Baada ya chakula tulisoma daftari la seva, yale maandishi ambayo mashine yenyewe huandika kila mara mtu anapobisha. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Mchana kutwa, sisi tukila mboga, watu wa Urusi, wa China, wa Brazili walikuwa wakibisha mlango wa jiko la udongo Merigi, wakijaribu jina hili na nywila ile, mamia kwa mamia. Mama yake alitaka kujua hao watu wanataka nini kwao.

"Hata wao hawajui, Mama," Kipkemoi akamjibu. "Wanajaribu kila mlango dunia mzima. Wakipata moja imefunguka, wanaingia."

"Na ya kwetu imefungwa?"

"Imefungwa kabisa."

Ilifungwa kwa nywila yake moja, na siku nilipomuuliza kama ni ngumu ya kutosha alicheka, akanieleza kitu ambacho nilikuwa nimekisikia juujuu tu katika miaka yangu yote ya kuishi kati ya Wakipsigis. Mtoto akizaliwa, akina mama walioko huitaja mizimu ya ukoo, jina baada ya jina, na lile ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa ndilo la babu aliyerudi. Jina hilo halimo kwenye kitambulisho, halimo shuleni, mwalimu halijui, padri halijui. Yeye alilifanya nywila, akaongeza tarakimu za mwaka aliozaliwa. "Hakuna Mrusi anajua nilipiga chafya na jina gani," alisema. Nilikubali kwa moyo wote. Nililiona jambo la akili kuliko yote niliyowahi kusikia. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Lilishafanya kazi ya kutosha.

Sasa nieleze kilichokuwa ndani ya seva. Mwanzoni zilikuwemo nyimbo za kwaya, picha za harusi, na kamusi ya Kikipsigis aliyokuwa akiiandika taratibu. Kisha Mama Brian akaja saiba. Alikuwa mchumaji katika shamba kubwa, mama wa kutoka Ugenya, mpana wa mabega, mcheshi, aliyeniita nyathina, yaani mwanangu, tangu siku aliyonisikia nikiongea Kijaluo kwenye simu. Siku hiyo hakucheka. Aliniomba nifunge mlango, akanieleza habari za nyapara wa sehemu yao. Mwanamke aliyemkataa alipewa mistari ya chai iliyozeeka, akachuma kutwa asijaze kapu; aliyeendelea kukataa aliandikiwa utoro hadi akapoteza nyumba ya kambi. Waliokubali walikubali kwa kuwa wana watoto. Mama Brian alikuwa mmoja wa waliokubali. Aliniambia hivyo akitazama ile mashine ya kopi, akasema wako wengi, na kwamba kila mmoja anadhani yuko peke yake kwa sababu hakuna anayethubutu kumwambia mwenzake. Nilimpelekea Kipkemoi habari hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jina la nyapara, nikamtajia. Akachukua brashi yake akaanza kuipangusa. Nyapara yule alikuwa mume wa senge wake, dada ya baba yake.

Ninapokumbuka mwaka ule, hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Angeweza kusema hayo ni ya nyumbani tutayaongea nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake juma lile alitengeneza ukurasa mdogo, mwepesi wa kufunguka kwenye simu za vitufe, ambapo mwanamke angeandika yaliyompata bila jina, apewe nambari tu. Mama Brian akawa Nambari Moja. Kufikia mvua za Aprili walikuwa kumi na mmoja. Wasiojua kuandika walikuja saiba mchana wakati soko limetulia, wakanong'ona nikiwaandikia. Kulikuwa na mmoja ambaye alisema sentensi tatu tu, akalia, akaomba nifute ya pili. Kisha wakasoma habari za wenzao, wakajua hawako peke yao, na ninaamini hata leo kwamba kwa miezi michache jambo lile liliwapa nguvu. Wakili mmoja mjini Kericho alikubali kuwasimamia, ila akasema mahakama haijui nambari. Lazima pawe na mahali palipoandikwa nani ni nani. "Kwa karatasi," Kipkemoi akaniambia. "Wewe peke yako. Hiyo orodha isiguse mashine, Atieno, hata siku moja. Mashine ni ya kuongea, si ya kuficha."

Niliiandika kwenye daftari la shule, nikalitia ndani ya sanduku chini ya kitanda. Chumba nilichopanga kilikuwa cha mabati yenye kutu, na mvua za mwaka ule hazikuwa na adabu. Siku moja nilirudi nikakuta sanduku limekaa kwenye maji na nusu ya majina yamegeuka mawingu ya wino. Nikashtuka. Majina niliyakumbuka, lakini niliogopa kuyasahau. Kesho yake nikiwa jikoni kwa akina Kipkemoi, yeye akiwa shambani anachuma na mama yake, niliyaandika yote kumi na moja katika faili, jina, nambari, kambi, mlango wa nyumba. Nikaiweka ndani ya seva katika sehemu yangu, nikaipa jina la ovyo. Nilijiambia ni ya juma moja, hadi ninunue daftari jipya na mfuko wa nailoni. Nilijiambia pia kwamba mahali salama kuliko pote Bomet nzima ni mashine ambayo hata Warusi wameshindwa kuifungua. Daftari jipya nililinunua. Faili sikuifuta. Miezi minne ilipita, na sina maelezo mengine zaidi ya uvivu na majivuno.

Nyapara alikuwa akija na mkewe kila Jumapili baada ya ibada kunywa chai. Sisi tulikuwa tunasikia mazungumzo ya sebuleni tukiwa jikoni, au tukiitwa, tunaketi nao. Alikuwa mtu wa tabasamu, mwenye kofia aliyoivua kila alipoingia, anayemuuliza mama wa Kipkemoi habari za ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Mimi nilikuwa nimeandika kwa vidole vyangu yale aliyoyafanya, na nilikuwa nampitishia sukari. Siri ya watu kumi na mmoja haikai, na nadhani alikuwa amesikia fununu za ukurasa, na alijua ni nani pekee kwenye kilima hicho angeweza kuutengeneza. Jumapili moja ya Agosti aliuliza, "Na hiyo mashine yako ya jikoni, siku hizi inafanya kazi gani?"

"Inakusanya masizi, Mzee," Kipkemoi akajibu, watu wakacheka.

Senge, ambaye alimpenda mtoto huyu wa kaka yake kupita kiasi, akamtetea. Akamwita kwa lile jina. Alimwita hivyo karibu kila Jumapili, kwa kuwa ndiye aliyelitaja siku ile ya chafya na aliona fahari. Akasema huyu wangu ana akili tangu azaliwe. Nilimwona mumewe akiweka kikombe chini na kumtazama mkewe. Nilidhani chai ilikuwa moto. Mwaka mzima mimi na Kipkemoi tulikuwa tumesikia jina lile likiitwa kwa sauti kwenye sebule ile, na hakuna kati yetu wawili, wataalamu wa milango, aliyeshtuka. Tulikuwa tunawatazama Warusi. Waswahili wamesema tangu zamani kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na mimi husema maneno hayo kwenye mafunzo yangu, watu wakayaandika, bila kujua nimeyalipia bei gani.

Alhamisi ya juma lile wanawake waliitwa kutoka kwenye mistari ya chai saa mbili asubuhi, kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Hawakuitwa kumi wala kumi na wawili. Waliambiwa wameharibu jina la shamba kwa uongo, watoke nyumba za kambi kabla ya saa sita. Mchana huo Mama Brian alifika mlangoni pa saiba na godoro kichwani, limelowa, maji yakimtiririka usoni, na nyuma yake Brian amebeba sufuria mbili na mkoba wa shule. Hakuingia. Alisimama pale kwenye mvua.

"Nyathina, jina langu walitoa wapi?"

Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. "Sijui, Mama," nikasema.

Nilifunga saiba nikapanda kilima mbio. Kipkemoi alikuwa ameshasikia, yuko mbele ya mashine, daftari la seva limefunguliwa. Akanionyesha kwa kidole. Jumanne, saa nne asubuhi, anwani ya ofisi ya shamba kubwa, ofisi aliyowahi kufanyia kazi mwenyewe, ambayo sasa ilikuwa ya yule mwenye cheti. Nywila mbaya. Nywila mbaya. Nywila mbaya. Ya nne ikakubaliwa. Dakika mbili tu. Warusi walikuwa wamejaribu mwaka mzima. Aliyeingia jikoni mle kwa njia ya waya alikuwa ameingia kwa mlango wake yeye, akaunti yake yeye, ambayo inaweza kusoma kila kitu ndani ya mashine, hata sehemu yangu. "Ni pasiwadi yangu," akasema. "Lakini habari hazina majina. Majina walijuaje?"

"Labda waliwatambua kwa zile hadithi," nikasema.

Akarudisha macho kwenye skrini. "Labda," akajibu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sikusema neno lingine, na kila saa iliyopita neno lenyewe lilizidi kuwa zito. Jioni ya siku hiyo nyapara alikuja peke yake. Hakuvua kofia. Alisimama kwenye mlango wa jiko, mama yake Kipkemoi akiwa ndani na kibuyu mkononi, yeye akamwita Kipkemoi kwa lile jina la mizimu, taratibu, silabi moja moja, ambalo mwanamume wa ukoo mwingine hana ruhusa ya kumwita nalo mtu. Aliondoka. Mama akaketi chini pale pale. Nadhani ndiye aliyeelewa wa kwanza jinsi jina lilivyofika kule, na kwamba lilitoka mezani pake mwenyewe. Senge hakuja tena Jumapili. Baadaye nilisikia aliambiwa na mumewe, mbele ya watu, kwamba ni yeye senge aliyemsaidia kuingia, na tangu siku hiyo hakulitaja jina hilo tena.

Kesi ilikufa bila hata kuzaliwa. Mume wa Mama Brian alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha shamba lile lile. Aliposomewa yaliyoandikwa na Nambari Moja, alimfukuza mkewe, na mbele ya wakili mama yule akakana kila neno, akasema mtu aliandika kwa jina lake. Wengine wakafuata. Siwalaumu. Nyapara aliendelea na kazi hadi akastaafu kwa heshima, akapewa mtamba, hema zikapigwa. Jumapili iliyofuata ile Alhamisi Kipkemoi alisimama kanisani, akawageukia wale wanawake wachache waliokuwa bado pale sokoni wakitafuta pa kwenda, akasema kwa Kiswahili ili wote waelewe: "Mlango ulikuwa wangu. Ufunguo ulikuwa wangu. Nilidanganya watu wa maana kwamba nimefunga." Nilikuwa nimeketi safu ya tatu. Mguu wangu ulitaka kusimama, nikaushika kwa mikono miwili. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile nilimwona mwenzangu akijitwika wangu juu ya wake, nikatazama kitabu cha nyimbo.

Wiki hiyo alikaa na mashine peke yake mchana mzima, kisha akaifuta yote, akavunja diski kwa shoka la kuni. Nilifarijika. Hilo ndilo ninaloona haya zaidi kulisema: nilifarijika. Nilidhani faili yangu imekufa bila kusomwa. Mwezi wa Desemba nilipata nafasi ya masomo Nairobi, nikaingia kwa urahisi kwa kuwa nilijua kwa vidole mambo ambayo wengine walikuwa wakiyasoma vitabuni. Yeye hakugusa kompyuta tena. Alirudi kuchuma chai ya mama yake. Nilipomtembelea mara mbili, tuliongea habari za mvua.

Baada ya mazishi tulipewa wali na nyama na kabichi chini ya hema. Nilikuwa nimekaa pembeni nikiisukuma kabichi huku na huko mtu alipovuta kiti karibu nami na kuketi kwa shida, na fimbo. Mabega yalikuwa yamepungua lakini nilimjua. Sikujua angekuja, kutoka Ugenya hadi Merigi ni safari ya kutwa.

"Nyathina," Mama Brian akasema. "Umenona."

Tuliulizana habari. Brian ni dereva Kisumu. Mumewe hakumrudia. Niliuliza, kwa kukosa la kusema, alisikiaje habari za msiba.

"Mama yake alinipigia. Ananijua. Huyu kijana alikuwa anakuja kwangu kila Agosti," akasema, akielekeza kidevu upande wa kaburi. "Kila Agosti, tangu ule mwaka. Anakuja na viazi, anakaa, anaomba msamaha, anarudi. Aliniambia yote. Ile pasiwadi ilikuwa yake. Na ile orodha ya majina, aliandika yeye akasahau kutoa kwa mashine."

Kila faili katika mashine ya namna ile hubeba jina la aliyeiandika, na siku, na saa. Ni somo la wiki ya kwanza, nalifundisha mwenyewe. Alikuwa amekaa na mashine ile mchana mzima kabla ya kuivunja. Alisoma jina langu. Kisha akapanda magari matatu kila mwaka kwenda kumwambia mama huyu kwamba ni yeye, na kila nilipokuja tukaongea habari za mvua.

"Si yeye," nikasema. "Orodha niliandika mimi, Mama. Alinikataza nikaiweka. Naye alijua ni mimi, akanyamaza."

Aliacha kutafuna. Mvua ilikuwa inapiga hema na mtu upande wa pili alikuwa anagawa soda. Nilingoja anipige na ile fimbo, na ningefurahi angenipiga.

"Wewe nilikuuliza," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Godoro ikiwa kwa kichwa."

"Ndiyo, Mama."

Akaiweka sahani yake chini ya kiti, akapangusa vidole kimoja kimoja kwa kitambaa cha karatasi. "Yeye nilimsamehe mwaka wa tatu," akasema. "Nilimwambia asilete viazi tena, akaendelea kuleta. Wewe sina kitu ya kukuambia leo." Akasimama, akajishika kwenye fimbo. "Sasa hatakuja tena. Agosti utakuja wewe."

"Nitakuja."

Ardhi ilikuwa inateleza, nikamshika mkono nimsindikize. Akautoa mkono wake kwenye wangu taratibu, bila hasira, akavuka matope peke yake kwenda kuketi na mama yake Kipkemoi.